Kitonga ilinifundisha gari langu: tuzungumze gia, mikanda na vitufe vya Noah kabla ya safari za Desemba

Baba Watatu (#1)

Wakuu, habari za jioni.

Desemba iliyopita nilikuwa natoka Iringa kurudi Dar na familia. Toyota Noah, watu saba, mabegi, gunia la viazi na ndoo ya vitunguu. Tulipoanza kuteremka mlima Kitonga, mbele yangu kulikuwa na malori mawili yamefuatana, nami nikawa nyuma yake mguu ukiwa juu ya breki. Gari ni la automatiki, gia iko D, ile ya kwendea kawaida, kama nilivyozoea miaka minne yote. Kona ya kwanza, ya pili, ya tatu. Katikati ya mlima ikaja harufu kama ya nguo iliyosahauliwa chini ya pasi. Mke wangu akauliza kama ni ya lori. Nikamjibu ndiyo, ni ya lori. Haikupita dakika, pedali ikaanza kuzama kuliko kawaida, laini, kama nakanyaga sifongo.

Mungu saidia, pembeni palikuwa na sehemu pana. Nikaingia taratibu nikasimama. Magurudumu ya mbele yanatoa moshi. Mtoto wangu mkubwa ameshashika chupa ya maji anataka kumwagia, na mimi nilikuwa namruhusu. Dereva wa lori aliyekuwa amesimama pale akikagua matairi yake ndiye aliyepaza sauti: "Msimwagie maji! Diski itapinda au kupasuka." Akaja, akachungulia ndani, akaniuliza kwa upole kabisa: "Kaka, gari hili lina gia za kuteremkia, mbona huzigusi?"

Nilikuwa sijui. Miaka minne naendesha, nina leseni, nabeba watoto watatu na mama yangu mzazi, na sikujua zile 2 na L chini ya D zina kazi gani. Nilidhani ni za kutokea kwenye tope.

Tulikaa pale zaidi ya nusu saa mpaka breki zikapoa. Yule mzee akanielekeza, akapanda lori lake, akasema nimfuate kwa mwendo wake. Tulifika Ruaha Mbuyuni nimegusa breki mara chache sana.

Tangu siku ile nimekuwa nakaa na gari langu kama mwanafunzi. Jumamosi moja nilikaa ndani asubuhi nzima nikibonyeza kila kitufe kimoja kimoja. Nataka niweke hapa nilichojifunza, na nyie muongeze, maana wengi tumenunua gari limetoka Japani, kitabu chake ni cha Kijapani au hakipo, na aliyetukabidhi alituonyesha redio na AC basi.

Naanza na mlima kwa sababu ndio ulionitisha.

Unapokanyaga breki, mwendo wa gari unageuzwa kuwa joto. Noah tupu ina takriban tani moja na nusu. Weka watu saba na mizigo, uzito unasogea tani mbili. Kuishusha yote mlimani kwa breki peke yake, joto linapanda kuliko linavyopoa. Padi za breki zinapoteza mshiko. Mafuta ya breki yakiwa ya zamani yana unyevu ndani yake, ule unyevu unachemka unakuwa mapovu, na povu linabonyea. Hapo ndipo pedali inapokuwa sifongo.

Ukishusha gia, injini yenyewe ndiyo inalizuia gari. Utasikia inanguruma, sindano ya mizunguko inapanda, nayo ni kawaida, haiharibiki ilimradi sindano haijafika kwenye eneo jekundu. Breki unagusa kwa muda mfupi kwa nguvu ya kutosha, unaachia, zinapata hewa, unagusa tena. Zile za kugusagusa kwa mguu uliolala juu ya pedali ndizo zinazounguza.

Na gia unaishusha KABLA ya mteremko, ukiwa mwendo mdogo. Usisubiri mpaka gari limeshakimbia ndiyo uivute mpaka L, gia ya chini kabisa. Yule dereva aliniambia: teremka na gia ambayo ungeipandia mlima huohuo.

Nitaendelea na milango, mikanda na ukungu wa vioo. Karibuni.

Mama Tausi (#2)

Ahsante sana baba, umeandika kitu ambacho mimi pia sikukijua. Swali: la kwangu ni Toyota pia lakini sina 2 wala L. Nina D, S na B. B ni nini? Niliwahi kuambiwa ni ya "battery" nikaiogopa.

Baba Watatu (#3)

Dada, B haihusiani na betri. Ni ya breki ya injini. S inazuia kiasi, B inazuia zaidi. Kwa mteremko wa kawaida S inatosha, kwa Kitonga au Sekenke unakwenda B.

Gari zinatofautiana. Nyingine zina 3, 2, L. Nyingine zina alama ya kujumlisha na kutoa, ukisukuma upande wa kutoa gia inashuka moja. Nyingine za zamani zina kitufe pembeni ya mkono wa gia kimeandikwa O/D. Ukikibonyeza inawaka taa ya njano "O/D OFF" kwenye dashibodi, gari halitapanda gia ya juu kabisa. Watu wengi wakiiona ile taa wanakimbilia gereji wakidhani ni ubovu, kumbe mtoto alibonyeza kitufe.

Kobe wa Ubungo (#4)

Mkuu nakuheshimu, ila mimi mteremko naweka free (N, gia haijashika) na gari linakwenda lenyewe. Nimefanya hivyo Dar mpaka Mbeya zaidi ya mara kumi na mafuta nayaona yanabaki. Kungurumisha injini mlimani si ndiyo kula mafuta?

Fundi wa Keko (#5)

Ndugu yangu Kobe, hili naomba ulisikilize vizuri kwa sababu ni maisha.

Gari la sindano za mafuta, yaani karibu gari lolote la miaka ishirini iliyopita, ukiwa kwenye gia na umeachia pedali ya mafuta kwenye mteremko, kompyuta INAFUNGA sindano. Injini inazungushwa na magurudumu, haipewi petroli. Ukiweka free, injini imetengana na magurudumu, kwa hiyo ili isizime lazima ipewe mafuta ya sailensa, yale ya kuizungusha gari likiwa limesimama. Maana yake wewe unayeweka free ndiye unayetumia zaidi. Kwenye kabureta za zamani hoja yako ilikuwa na ukweli kidogo. Kwenye Noah, Wish, IST, haina.

Halafu ukiwa free umebaki na breki tupu, na gari linaongeza mwendo kila sekunde. Wapo pia wanaozima kabisa injini. Hao wanapoteza vitu viwili kwa mpigo: usukani unakuwa mzito, na hidrovaki ya breki, ile inayousaidia mguu kukanyaga, inabaki na nguvu ya kukanyaga mara mbili tatu hivi. Baada ya hapo pedali inakuwa ngumu kama umekanyaga jiwe.

Kuhusu mafuta ya breki: badilisha kila baada ya miaka miwili hivi, hata kama yanaonekana yamejaa. Yananyonya unyevu wa hewa, na hewa yetu ya pwani ina unyevu mwingi. Wateja wangu wengi wananiletea gari lina miaka sita nchini na mafuta ya breki ni yaleyale ya Japani, yamekuwa meusi kama chai ya rangi. Na usichanganye na hidroliki ya usukani. Mfuniko wa chombo chake umeandikwa DOT 3 au DOT 4, fuata huo.

Msafiri wa Nakuru (#6)

Salamu kutoka Kenya. Nasoma nikitikisa kichwa, maana huku kwetu habari ya "free" tunaijua kwa machozi. Barabara ya Nakuru kwenda Eldoret, pale Salgaa na Sachang'wan, malori yalikuwa yakiteremka bila gia ili kuokoa dizeli, breki zinakata, yanazoa kila kitu mbele yake. Tumezika watu wengi pale. Ndugu Kobe, kwa hisani yako, acha hiyo tabia. Na wewe ukiwa na gari dogo mbele ya lori mteremkoni, usikae karibu na pua lake. Likikosa breki, wewe ndiye ukuta wake.

Kobe wa Ubungo (#7)

Nimewasoma wakuu. Hiyo ya sindano kufungwa sikuwahi kuisikia. Kesho natoka kwenda Kibaha, nitajaribu kuteremka na gia nione. Naacha free.

Baba Watatu (#8)

Umefanya jambo la kiungwana kaka.

Naendelea na watoto. Hapa ndipo roho yangu ilipo.

Noah ina milango ya kuteleza, na watoto wanaipenda. Ya umeme inafunguka kwa kuvuta kitasa kidogo tu au kwa kitufe cha dereva. Ukingoni mwa mlango wa nyuma, sehemu unayoiona mlango ukiwa wazi, kuna kiswichi kidogo chenye picha ya mtoto au alama ya kufuli. Kikisogezwa, mlango haufunguki kwa ndani, unafunguka kwa nje tu. Mimi nilikuta kimoja kimefungwa na kingine kiko wazi, yaani upande mmoja mtoto wangu wa miaka minne angeweza kufungua gari likiwa kasi. Nendeni mkaangalie sasa hivi, ni kazi ya dakika moja.

Vioo vya umeme pia. Mlangoni kwa dereva, pamoja na swichi za vioo, kuna kitufe chenye alama ya kioo kilichokatwa kwa mstari au kufuli. Ukikibonyeza, swichi za abiria zinakufa, unabaki wewe tu. Kioo kinachopanda kina nguvu ya kumbana mtoto shingo, na si kila kioo cha abiria kina kile kihisi cha kurudi chini kikigusa kitu.

Na msimwache mtoto ndani ya gari lililozimwa eti unaingia dukani mara moja. Kwa jua letu, ndani ya dakika 10 tu joto la ndani linaweza kupanda nyuzi 10 juu ya lile la nje, na linaendelea kupanda. Kushusha kioo kidogo hakusaidii kama watu wanavyodhani.

Sasa mikanda. Nilipoanza kukagua safu ya tatu nikakuta mikanda imezama chini ya viti, imejaa mchanga na maganda ya karanga. Haijawahi kufungwa tangu gari lije. Mama yangu ndiye hukaa huko.

Mwana wa Pangani (#9)

Mkuu hapo kwenye mikanda ya nyuma tuwe wakweli. Trafiki anaangalia dereva na wa mbele. Nyuma nani anafunga? Na sisi wa familia kubwa, Noah ya watu wanane tunaingia kumi na mmoja kwenda harusini. Mtoto anapakatwa, ndiyo maisha yetu.

Baba Watatu (#10)

Kaka, mimi pia nimetoka kwenye familia ya kupakatana, kwa hiyo sikuandikii kama mtu wa nje. Nilipakata mdogo wangu kwenye pikapu mpaka Korogwe. Lakini nilikaa nikapiga hesabu, na hesabu ilinikosesha usingizi.

Gari likiwa kilomita 50 kwa saa, huo mwendo wa vibao vya kijijini, linakwenda mita 14 kila sekunde. Likigonga kitu likasimama ndani ya sehemu ya kumi ya sekunde, mtoto wa kilo 10 aliye mapajani anavutwa mbele kwa nguvu sawa na kubeba kilo 140. Hakuna mama mwenye mikono ya kushika kilo 140. Na kama mama mwenyewe hajafunga mkanda, anamwangukia mtoto wake.

Anayekaa nyuma bila mkanda hafi peke yake. Anamrukia aliye mbele yake. Kwa hiyo mimi niliyefunga mkanda mbele, kama mama yangu hajafunga, bado siko salama, na yeye hayuko salama zaidi.

Kuhusu kumi na mmoja kwenye viti vinane: nimeacha. Harusi ya mwezi wa tano niliwapeleka kwa safari mbili. Tulichelewa, shangazi alinuna, lakini nilipeleka mara mbili. Naelewa si kila mtu anaweza. Basi angalau kwa safari ndefu ya barabara kuu, wapandishe basi hao watatu wanaozidi.

Mama Tausi (#11)

Baba Watatu, na kiti cha mtoto? Nina wa miezi minane. Nilinunua kile cha kubebeka, namweka mbele pembeni yangu ili nimwone, anaangalia nyuma.

Fundi wa Keko (#12)

Mama Tausi samahani najibu kabla ya mwenye uzi. MTOE MBELE LEO HII. Kiti kinachoangalia nyuma hakikai mbele ya eabegi, ule mfuko wa hewa wa kwenye dashibodi. Eabegi inafumuka kwa kasi ya kufumba na kufumbua, na mgongo wa kile kiti uko sentimita chache tu kutoka inapotokea. Inampiga mtoto kichwani. Geuza kile kikinga jua cha abiria, gari nyingi zina stika ya onyo yenye picha ya hilohilo.

Mweke safu ya pili, aendelee kuangalia nyuma hivyohivyo, maana shingo ya mtoto wa miezi minane haiwezi kubeba kichwa chake gari likisimama ghafla. Kiti kifungwe kwa mkanda ukipita kwenye njia zilizowekwa alama, halafu kishike kwa mkono ukitikise. Kisicheze zaidi ya vidole viwili.

Mama Tausi (#13)

Mungu wangu. Nimeshamhamisha. Nimeiona hiyo stika, nilikuwa naiona kila siku nikijipaka wanja. Ahsante sana kaka, ubarikiwe.

Baba Watatu (#14)

Pole dada, na hongera kwa kufanya haraka. Kwa wakubwa zaidi: mkanda wa gari umetengenezwa kwa mtu mzima. Mpaka mtoto afikie kama sentimita 150 za urefu, ule wa juu unampita shingoni na ule wa chini unampita tumboni. Wangu wa miaka minane anakalia kiti cha kumwinua. Mkanda sasa unapita katikati ya bega, na wa chini umekaa kwenye mifupa ya nyonga.

Kitu kingine cha safu ya tatu: vile vya kuegemea kichwa huwa vimeshushwa ili dereva aone nyuma. Vipandishe mtu akikaa. Na lile gunia la viazi nililokuwa nimelisimamisha nyuma ya kichwa cha mama yangu, sasa linalala chini sakafuni.

Kijana wa Makambako (#15)

Wakuu, mimi tatizo langu ni ukungu. Huku asubuhi baridi, watu sita ndani, vioo vyote vinakuwa vyeupe. Nafuta kwa kitambaa huku naendesha. Nikiwasha AC naganda. Nifanyeje?

Fundi wa Keko (#16)

Kaka, AC haina kazi ya kuleta baridi tu, inakausha hewa. Washa AC, lakini sogeza kitufe cha joto upande mwekundu. Utapata hewa ya moto na kavu. Bonyeza kile kitufe chenye picha ya kioo cha mbele na mishale inayopanda, hewa yote inaelekea kiooni. Kioo cha nyuma kina kitufe chake, picha ya mstatili wenye mishale, kinapasha zile nyaya nyembamba za kioo.

Muhimu kuliko vyote: angalia kitufe chenye picha ya gari na mshale unaozunguka ndani. Kikiwa kimewaka unazungusha hewa ileile, na pumzi za watu sita ndizo zinazoleta ukungu. Kizime, ingiza hewa ya nje. Hicho kitufe nawaambia hata wa Dar: safari ya masaa mengi, vioo vimefungwa, watu saba, hewa inazunguka ileile, dereva anaanza kusinzia akidhani ni uchovu. Kiwashe ukipita vumbi au nyuma ya lori la moshi, kisha uzime.

Na huku pwani alfajiri kuna ukungu wa aina ya pili, wa NJE ya kioo, kwa sababu AC imekipoza kioo sana. Huo dawa yake ni waipa na kupunguza ubaridi.

Kijana wa Makambako (#17)

Sikujua kabisa kwamba AC na joto vinawashwa pamoja. Kesho asubuhi naleta majibu.

Mzee wa Tochi (#18)

Vijana, nimeendesha tangu enzi za Peugeot 504. Nina machache.

Hazadi, yaani indiketa zote kwa pamoja. Mnaziwasha mkiwa njia panda kumaanisha "naenda moja kwa moja". Aliye kushoto kwako anaona taa ya kushoto tu, anadhani unakata kwake, anaingia. Kwenda moja kwa moja hakuna taa yake, nenda tu. Hazadi ni ya gari lililosimama kwa ubovu au linalotahadharisha hatari.

Taa za mbele. Ukipakia nyuma, pua la gari linainuka na dimu yako inakuwa full machoni mwa mwenzio. Kushoto au kulia kwa usukani, gari nyingi za Japani zina kigurudumu kidogo chenye namba kuanzia 0. Ukipakia, kizungushe kwenye namba kubwa, taa zinashuka. Nimeuliza vijana ishirini, hakuna aliyekijua.

Umbali. Aliye mbele yako akipita nguzo, hesabu "mia moja na moja, mia moja na mbili, mia moja na tatu." Ukifika nguzoni kabla hujamaliza, uko karibu mno. Mvua ikinyesha, hesabu mara mbili.

Na ndani ya Mikumi punguzeni mwendo, hasa jioni. Tembo wa kijivu kwenye lami ya kijivu hamtamwona mpaka amekuwa ukuta. Mnyama ukimgonga unatozwa, lakini hiyo si hasara kubwa kuliko zote.

Mwana wa Pangani (#19)

Mzee shikamoo. Hicho kigurudumu nimekikuta, kiko kwenye 0 tangu gari lije. Sasa swali la mwisho kwangu: sehemu ya miguu ya abiria wa mbele kuna kidude chekundu kama kitochi au fataki, kimebanwa na klipu, kimeandikwa Kijapani. Mwanangu huwa anakichezea. Ni nini?

Mzee wa Tochi (#20)

Marahaba. Mwanao asikiguse tena. Hicho ni kimulimuli cha moto cha dharura. Japani kila gari lazima liwe nacho, au na taa ya dharura inayokubalika badala yake. Gari likiharibika kwenye reli au barabara kuu unakiwasha kama kiberiti, kinatoa moto mwekundu mkali kama dakika tano hivi. Muda wake wa matumizi ni miaka minne, kwa hiyo cha kwako kimeshapitwa, lakini kupitwa haina maana hakiwaki. Kitoe mahali ambapo mtoto anafika. Kwa dharura za kwetu beba reflekta zako mbili za pembetatu.

Fundi wa Keko (#21)

Nami nimalizie za dashibodi, kwa ufupi. Ukiweka ufunguo kwenye ON kabla ya kuwasha, taa zote za onyo lazima ZIWAKE, kisha zizime. Taa ya eabegi isiyowaka kabisa inatia shaka kuliko inayowaka, huenda kuna mtu aliitoa ili uuziwe gari.

Nyekundu simama, njano fika kwa fundi. Taa nyekundu ya birika la oili: zima injini hapohapo, usiseme "nifike kituo cha mafuta". Nyekundu ya joto: simama, na mfuniko wa rejeta usiuguse mpaka ushikike kwa mkono mtupu. Kuna gari nyingi ndogo hazina sindano ya joto, zina taa ya bluu ikiwa injini bado baridi na nyekundu ikizidi. Ya bluu asubuhi si ugonjwa.

Matairi: ubavuni mwa tairi kuna namba nne za mwisho baada ya herufi DOT. 2319 ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Upepo sahihi umeandikwa kwenye stika ya nguzo ya mlango wa dereva, sio kichwani mwa kijana wa pancha. Stika ikisema 220 kPa, hiyo ni 32 (psi) kwenye geji zetu. Pimeni asubuhi kabla ya kutembea, tairi la moto linadanganya.

Tairi za spea zile nyembamba zinataka upepo wa 60 kwenye geji hiyohiyo, na mwisho wake kilomita 80 kwa saa. Ni ya kukufikisha kwa fundi, sio ya kwenda nayo Tunduma.

Kijana wa Makambako (#22)

Nimerudi. Vioo vimesafika kabla sijafika lami. Kitambaa nimekitupa nyuma.

Kobe wa Ubungo (#23)

Nami nimerudi kutoka Kibaha, na gia muda wote. Na nimekagua vilivyotajwa hapa: tairi mbili za nyuma ni za 2013. Nasubiri mwisho wa mwezi nizibadilishe, na mpaka hapo gari halitoki Dar.

Mama Tausi (#24)

Jamani na mimi nimeshuka chini na tochi. Kiswichi cha mlango wa mtoto nimekifunga pande zote mbili. Mikanda ya nyuma nimeiosha kwa sabuni na inavutika. Spea nimeikuta, nyembamba kama mlivyosema, kijana wa pancha amepima: ina 15. Nimemwambia aweke 60, akabisha kwamba itapasuka. Nimemwonyesha ilivyoandikwa ubavuni, ndipo akajaza. Tunasafiri tarehe 22 kwenda Njombe, na mume wangu amesema Kitonga ya kurudi nitaishusha mimi.

Baba Watatu (#25)

Dada, ukianza kuteremka kutoka Ilula, weka B kabla hujaona lori la kwanza limeinamisha pua. Mkisikia harufu, msibishane ni ya nani. Simameni.